Moto wa Sekhobe Chini ya Gari la Lebusa

Ulikuwa mwaka ule theluji ilifunika kondoo mpaka masikio. La, ngoja, nachanganya. Theluji ya kufunika kondoo ilikuja mwaka uliofuata. Huu ninaousema ni mwaka ambao jalidi iliunguza njegere zikiwa bado maua, na kanisa la kijiji cha Ha Rantsimane likaletewa kengele mpya iliyopasuka siku ya kwanza kugongwa. Ndiyo, ni mwaka wa kengele. Ntate Lebusa, yaani Baba Lebusa, alikuwa bado ana meno yake ya mbele.

Alikuwa mtu mrefu, mabega yameinama kidogo, kama walivyo wengi waliomaliza ujana wao chini ya ardhi. Alichimba dhahabu ya watu ng'ambo ya mpaka, na walipompumzisha hakurudi na dhahabu. Alirudi na blanketi zuri, redio, na pikapu ya dizeli ya rangi ya kijani ambayo hata wakati huo ilikuwa imeshakula chumvi nyingi. Mwanawe wa kwanza alikuwa amemwita Khauta, yaani dhahabu, na akasema hiyo moja inamtosha.

Sasa, kule milimani gari si la mwenye gari. Likishapanda mpaka kijijini limekuwa la watu. Gari la Lebusa lilibeba sufu wakati wa kukata kondoo manyoya, lilibeba maharusi, lilibeba padri na mbwa wake, lilishusha wagonjwa na kupandisha majeneza. Lebusa hakujua kusema hapana, labda hakufundishwa. Mwenye kuku alimletea kuku, mwenye boga alileta boga, na asiye na kitu alileta asante, naye aliipokea kwa mikono miwili vilevile kama boga.

Ila gari lilikuwa na ugonjwa wake. Wakati wa joto liliwaka kama kiberiti. Baridi ya Juni ikiingia tu, asubuhi linakuwa jiwe. Unapiga stata, linazunguka, linazunguka, halishiki. Unangoja, unapiga tena, unamwomba Mungu, unapiga tena. Jua likishapanda na kulipasha boneti ndipo linakohoa na kuwaka, nalo likishawaka halina neno siku nzima.

Watu wangelivumilia hivyo hivyo, maana wamevumilia makubwa zaidi. Lakini Makhauta, mke wa Lebusa, alikuwa na kifua. Kila mwezi ilimbidi ashuke hospitali ya mji wa wilaya kuchukua dawa, na kliniki ya vifua hufunguliwa asubuhi na kufungwa kabla ya mchana. Kwenda na jua lililokwisha panda ni sawa na kutokwenda. Baridi iliyotangulia, mwezi mmoja gari lilikataa kabisa. Makhauta alikaa mpaka kliniki iliyofuata bila dawa, akilala ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu akijinyoosha pumzi inampotea.

Khauta aliposikia alipanda kutoka Maputsoe, kule bondeni anakofanya kazi ya kushona jinzi kiwandani. Alikunywa uji wa mtama uliochacha, akaweka bakuli chini, akasema alilokuja kulisema.

"Ntate, sisemi kwa ubaya. Mama akikosa dawa mara nyingine kwa ajili ya hili gari, mnashuka. Kondoo tutawagawa kwa ndugu, nyumba tutafunga. Mimi nina chumba."

"Chumba chako dirisha lake linatazama ukuta," Lebusa akasema.

"Ukuta haujaua mtu, Ntate. Kifua kinaua."

Hilo lilikuwa kweli. Makhauta alikuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa. Khauta alipoondoka ndipo akasema, "Mimi kufa sitaki. Kushuka pia sitaki. Kwa hiyo lione hilo gari lako."

Alilionaje sasa? Alifanya yote aliyoambiwa. Aliambiwa betri inasikia baridi, akawa analifungua jioni na kulilaza ndani karibu na jiko, limefunikwa shali ya Makhauta, mahali walipokuwa wakilala wajukuu. Aliambiwa dizeli inaganda, akaichanganya na mafuta ya taa kidogo. Aliambiwa gari liegeshwe pua ikitazama mawio, akaligeuza. Aliambiwa hita zimekufa, zile plagi za kupasha injini moto kabla ya kuwasha, akaagiza mpya na dereva wa basi. Kila kitu kilikuwa kizuri, na kila asubuhi gari lilikuwa jiwe.

Lililomwokoa ni Sekhobe.

Sekhobe alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mfupi, mwenye maneno, anayetembea upande kidogo. Zamani farasi alimwangukia na kumvunja mguu, wakati barabara yote imeganda. Lebusa alimpakia nyuma ya gari juu ya marobota ya sufu na kumshusha hospitali, kichwa nje ya dirisha njia nzima kwa sababu jalidi ya kioo cha mbele ilikataa kuyeyuka. Alirudi masikio yamevimba kama maandazi. Sekhobe alipona. Na tangu hapo, kila asubuhi ya baridi, jua halijagusa kilele, alikuwa anakuja na debe lililotobolewa matundu, limejaa samadi kavu ya ng'ombe iliyoshika moto vizuri, analisukuma chini ya injini, anachuchumaa kandokando akilichochea kwa kijiti.

"Amka, Ntate," alikuwa anaita. "Marehemu wako ameletewa moto."

"Hajafa, amelala."

"Kama ni kulala, basi anakoroma kwa ndani."

Na kweli, baada ya muda wa kunywa chai na kunyamaza kidogo, gari liliwaka. Lilisaga sana, lakini liliwaka. Sekhobe aliondoka na debe lake amesimama wima zaidi kuliko alivyokuja. Ni shukrani gani hiyo, ya kulipwa kila siku na isipungue? Lebusa naye alishukuru shukrani, na hivyo ndivyo walivyoishi.

Lakini mwaka huo wa kengele moto ulianza kuchelewa kufanya kazi. Mwanzoni chai moja ilitosha. Baadaye chai mbili. Ikafika siku Sekhobe akarudi nyumbani kuongeza samadi, na bado gari likawaka jua likiwa juu ya zizi. Kliniki ilikuwa Jumanne inayokuja. Lebusa alimwona Makhauta akikunja nguo za baridi na za joto katika marundo mawili, akajua anafikiria bondeni.

Fundi alikuwa amekwisha kuja, si kwamba hakuja. Alikuja mara mbili. Tatizo ni mila zetu. Mgonjwa akipelekwa kwa daktari huogeshwa kwanza, akavishwa nguo safi, asiaibishe nyumba. Basi kila fundi alipotarajiwa, Sekhobe aliarifiwa, naye kwa heshima ya mgeni alileta madebe mawili. Fundi akifika anakuta gari linanguruma uani kama simba, limepanguswa vumbi, na mkate wa kuoka mezani. Anasikiliza, anakula mkate, anasema, "Gari zima hili, Ntate. Ni uzee tu." Wanamsindikiza mpaka barabarani.

Safari hii Lebusa alimwita Moliehi. Huyu ni binti wa mjini, mwenye banda lake la kutengeneza magari nyuma ya soko, ambaye mama yake pia aliwahi kushushwa hospitali na gari hilohilo. Alipanda Jumapili na lori la unga, mkoba wa spana begani, kofia ya sufu imefunika nyusi. Jambo la kwanza, hata kabla ya maji ya kunawa, alisema:

"Ntate, nitalala hapa. Kesho asubuhi mtu asiliguse."

"Tutalipasha kidogo tu, ausi, dada yangu, usije ukasimama baridini bure."

"Msilipashe hata kwa pumzi. Mimi nataka nilione linavyoumwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Lebusa alikubali kwa kichwa, halafu akakumbuka Sekhobe, na usingizi ukamruka. Utamwambiaje mtu asilete moto? Mtu aliyeleta kila asubuhi, na mguu ule? Kumrudisha mtu na kitu chake mkononi ni kumwambia hatujuani. Mara mbili jioni alivaa blanketi aende kumwambia, na mara mbili alifika kwenye ukuta, akasalimia, akaulizia mbuzi, akarudi.

Asubuhi jalidi ilikuwa nene, majani yanavunjika chini ya kiatu. Sekhobe akaja na debe, moshi unamfuata. Moliehi alikuwa ameshafungua boneti. Alitazama debe, akamtazama Lebusa.

Lebusa akasogea, akapokea debe kwa mikono miwili.

"Asante, ndugu yangu. Leo mgeni ndiye anayeganda. Vidole vya fundi kwanza." Akaliweka miguuni pa Moliehi, mbali na gari.

Sekhobe alifikiri kidogo. "Ni haki," akasema. "Gari halina mama wa kutulaumu."

Moliehi alipasha mikono, akaona mambo yamekaa vizuri, akaanza kazi. Alimwambia Lebusa aingie, ageuze ufunguo, angoje taa ya hita izimike, halafu apige stata.

Gari likazunguka kwa nguvu, halikushika.

"Basi. Umesikia linavyozunguka? Haraka haraka. Betri lingekuwa chovu lingezunguka kama mlevi anayepanda ngazi. Betri msilisingizie tena, mrudishieni mama shali yake." Akageuka. "Ntate Sekhobe, wewe una macho. Nenda ukasimame nyuma kwenye ekzosi, unitajie unachokiona."

Sekhobe akaenda, akachuchumaa, mkono kwenye goti kama mtu anayetazama ng'ombe akizaa. Lebusa akapiga tena.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Moshi mweupe?"

"Ausi, hata mbuzi anatoa mvuke kuliko hiki. Hakuna kitu."

"Vizuri. Hita zingekuwa zimekufa, dizeli ingeingia bila kuungua, ungeona moshi mweupe mpaka ukohoe. Moshi hakuna, maana yake dizeli haifiki. Hili gari haliumwi baridi. Lina njaa."

Lebusa alikuwa bado ameshika usukani. Aliwaza miaka yote aliyokuwa akimfunika blanketi mtu mwenye njaa.

Juu ya chujio la dizeli kuna kitufe kikubwa cha kubonyeza kwa kiganja, pampu ya mkono ya kuvuta mafuta. Moliehi akabonyeza. Kilishuka laini, kama tumbo la ndama asiyenyonya. Akabonyeza, akabonyeza, kikawa laini vilevile, halafu polepole kikaanza kukaza, mwisho kikawa kigumu kabisa.

"Piga."

Gari likashika hapo hapo, mara ya kwanza, katika baridi ile, bila moto. Kuku wakatawanyika. Makhauta akatoka mlangoni na mwiko mkononi, akasimama tu.

"Zima," Moliehi akasema. "Bado hatujapona. Tumempa maziwa, sasa tutafute titi lilipopasuka."

Alitandika gunia, akalala chali chini ya gari, akaupapasa mpira unaoleta dizeli kutoka kwenye tangi, kuanzia kwenye chujio kushuka. Vidole vikasimama mahali pamoja. Kisha alilegeza vibanio, akautoa, akatambaa nje na kuuweka juu ya boneti watu wote waone. Upande mmoja ulikuwa laini. Upande wa chini ulikuwa umekauka na kuchanika, kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta.

"Haudondoshi, ndiyo maana hamkuona hata tone chini," akaeleza. "Dizeli haitoki, ila upepo unaingia. Usiku mafuta yote yanarudi kwenye tangi, asubuhi gari linanyonya upepo. Mpira ukipata joto unalainika, nyufa zinabanana, gari linawaka. Halafu kesho yake umekauka zaidi kuliko jana, kwa sababu ya ule ule…"

Hapo akasita. Lakini maneno yakishatoka hayana hatamu.

Sekhobe alikuwa ameinama anatazama ardhi chini ya injini. Palikuwa na duara la majivu, jeusi katikati, mahali debe linapokaa kila baridi. Kutoka kwenye duara akainua macho mpaka pale mpira ulipotolewa. Ilikuwa mstari ulionyooka.

"Hapo ndipo moto wangu unapokaa," akasema.

Moliehi akaanza kupangusa spana iliyokuwa safi.

"Ntate Sekhobe, mpira una umri huo. Hata bila moto…"

"Ausi, usinifunike blanketi mchana. Sikulelewa hivyo." Alivuta kofia yake ya majani mpaka kwenye macho. "Kumbe kila asubuhi nilikuwa nakuja kuliumiza. Na mguu huu, na jalidi hii. Mwezi ule mama aliokosa dawa, ni mimi."

Lebusa alitafuta neno. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo siku hiyo yalikuwa yamelala. Ni Makhauta aliyesema, mwiko bado mkononi.

"Sekhobe, acha kujipa ukubwa. Mwezi niliokosa dawa, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kitandani na mafua."

"Haya. Wewe uliumwa, moto haukuja, mimi nikakosa dawa. Miezi mingine yote ya baridi moto ulikuja, mimi nikashuka, nikapata dawa, nikalala nimejinyoosha kama mtu. Hiyo hesabu hata kuku anaijua. Njoo ule ugali, umepoa."

"Lakini mpira, mama."

"Mpira unauzwa dukani," Lebusa akasema. Ndilo neno lililokuja, akaona linatosha.

Walikula. Sekhobe alikula kidogo, halafu alipoona mboga zinabaki akala zaidi. Moliehi alikuwa na mpira mpya kwenye mkoba, akaukata kwa kisu juu ya jiwe, akaufunga, akabonyeza pampu mpaka upepo ukaisha. Wakati wa kuondoka alikataa kuku, akakubali jibini la mbuzi na baraka za Makhauta, ambazo zilikuwa ndefu.

"Mama yangu alisema nikifika nikushukuru," alimwambia Lebusa akipanda lori la unga lililokuwa linarudi. "Nilisahau, nikaanza na kazi. Asante, Ntate."

"Umeshanishukuru kwa spana."

"Hiyo ilikuwa yangu. Hii ni ya kwake."

Jumanne ilikuja na baridi kuliko Jumatatu; maji ndani ya ndoo yalikuwa kioo. Lebusa alikaa ndani ya gari gizagiza la alfajiri, mkewe pembeni amejifunga blanketi mbili. Hakukuwa na moshi uani. Hakukuwa na sauti ya mtu anayetukana injini kwa upendo. Aligeuza ufunguo, akangoja taa izimike, akapiga.

Likawaka. Makhauta alitoa pumzi, nayo ikafanya wingu, akaliangalia wingu lake kama kitu cha thamani.

Walipopita kwenye lango la Sekhobe, mwenyewe alikuwa amesimama hapo ndani ya blanketi lake, mikono haijui pa kukaa. Lebusa akasimamisha gari.

"Panda."

"Niende wapi? Siumwi."

"Panda tu. Kuna nafasi mbele."

"Nimevaa hivi hivi."

"Hospitali haioi mtu," Makhauta akasema, akasogea. Wakabanana watatu, magoti ya Sekhobe yakagusana na gia, na kila Lebusa alipobadilisha gia ilibidi waombane radhi.

Kliniki walikuta iko wazi. Nesi alimsikiliza Makhauta kifua, akampa dawa, akamwambia kinapumua vizuri kuliko mwezi uliopita. Walipotoka, simu ya Lebusa ikalia. Alikuwa Khauta, na nyuma yake cherehani za kiwanda zikipiga kelele.

"Mmefika, Ntate?"

"Tumefika. Dawa tumepata."

"Gari mmeliwasha na jua?"

"Kabla ya jua."

"Sekhobe alilipasha muda gani?"

"Hakulipasha. Sekhobe yuko hapa anakula chungwa."

Khauta alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeweka mzigo chini bila kujua kama ameshindwa au amesaidiwa. "Basi kile chumba nitampa mtu apange," akasema. "Msalimie mama. Na wewe kaa na milima yako."

Lebusa alirudisha simu mfukoni, akasimama kidogo karibu na mlango wa gari, kiganja juu ya bati la kijani lililokuwa bado na joto la safari. Alishukuru kimya kimya. Alimshukuru Mungu, akamshukuru fundi, akashukuru mpaka ule mpira wa zamani uliotupwa nyuma ya zizi, maana nao ulivumilia.

Njia ya kurudi walikula mkate wakipanda, makombo yakijaa kwenye mablanketi. Jua lilikuwa limeyeyusha barabara. Makhauta aliimba wimbo wa kanisani kwa pua, pumzi ikamfikisha mpaka ubeti wa mwisho. Sekhobe alikuwa amekumbatia ganda la chungwa mikononi tangu mjini. Walipoanza kupanda kilima cha mwisho, mapaa ya Ha Rantsimane yameshaonekana, akauliza swali moja. Lebusa alibadilisha gia. Makhauta aliangalia nje, kondoo walikuwa wanavuka. Siku ile hakuna aliyemjibu, wala baadaye, na asubuhi za baridi ni nyingi kule juu.

"Sasa, Ntate, mimi nitakuwa nakuletea nini?"